Kipengele cha Saba

Feni ilikuwa imelala kifudifudi mezani, imefunguliwa mgongo, na fundi amebana bisibisi kwa meno, pale dada wa fotokopi alipochungulia dirishani na bahasha mkononi.

"Fundi, barua yenu kutoka kwa wale watu wa mfuko. Imekaa siku tatu kwenye sanduku langu, unisamehe, nilikuwa na homa."

Fundi alitema bisibisi. Mfuko huo ulikuwa ukiwalipia wanandoa wasio na uwezo gharama za kupandikiza mimba. Miaka sita ya ndoa, kila kitu kimejaribiwa, na hili ndilo lililobaki. Mwezi uliopita yeye na mkewe walijaza fomu. Au tuseme ukweli, mkewe alijaza, naye akatia sahihi kila alipooneshwa, mpole kama bwana harusi.

Ndani ya bahasha mlikuwa na fomu ileile na karatasi fupi. Maelezo ya kipengele cha saba, ilisema, hayalingani na ripoti ya daktari. Wayarekebishe, waombaji wote wawili na ndugu shahidi watie sahihi upya, na fomu iwe imefika ofisini kabla ya saa kumi alasiri, tarehe ishirini. La sivyo maombi yao yatafutwa.

Tarehe ishirini ilikuwa leo, na saa ya ukutani ilisema saa saba.

Akafungua kipengele cha saba. *Eleza chanzo cha tatizo.* Chini yake, kwa ule mwandiko wa mkewe wa kuviringa, palikuwa pameandikwa: *Tatizo ni langu. Mume wangu ni mzima kabisa, tena mchapakazi.*

Alipofika kwenye mchapakazi alicheka peke yake. Halafu macho yakamjaa machozi.

Kwani alikuwepo siku ile, miaka miwili iliyopita, daktari alipokigeuza kiti kumwelekea yeye na kumwambia kwamba mbegu zake ni chache, tena dhaifu, na kwamba mke hana shida yoyote. Njiani mkewe alimshika kidole cha mwisho, akasema, "Hili ni letu, halitoki nje." Tangu hapo ndugu wakiuliza, mke ndiye aliyekuwa akijibu, na akijibu alikuwa akijitaja yeye. Fundi alikuwa akitazama chini. Mtu huzoea kubebwa. Lakini mwanamke huyu alikuwa amezoea kumfichia hadi akawadanganya watu wenye ripoti ya daktari mkononi!

Ndugu shahidi aliyetia sahihi chini ya uongo huo, kwa herufi kubwa kubwa, alikuwa mama yake fundi.

Sasa, fundi huyu alikuwa na kanuni moja. Hagusi kitu kabla hajaandika ubovu wake kwenye kipande cha utepe na kukibandika juu. *Pasi, haishiki moto. Redio, inakoroma.* Hakuwahi kuficha ubovu wa pasi ya mtu yeyote. Akachukua kalamu ileile, akakata maneno ya mkewe kwa mstari mmoja, akaandika pembeni: *Tatizo ni langu mimi mume. Mbegu chache, dhaifu. Mke wangu ni mzima.*

Alimkuta mama yake uani, anapiga pasi nguo zake.

"Fomu imerudi, mama. Inabidi utie sahihi tena."

"Tena? Ile ya kwanza wameila?" Mama akaanza kuitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake. "Lete hapa. Niweke wapi?"

Fundi aliweka karatasi mezani, kiganja chake kikiwa juu ya kipengele cha saba. Angeweza kukiacha pale. Mama angetia sahihi, na maisha yangeendelea kama kawaida. Akakiondoa.

"Soma kwanza."

Mama alisoma midomo ikicheza. Akarudia. Harufu ya nguo kuungua ikapanda, na fundi ndiye aliyeinyanyua pasi.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

"Na mwenzako anajua?"

"Tangu mwanzo."

Mama alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. "Zile dawa za chupa nilizokuwa nampelekea," alisema polepole. "Chungu zile. Alikuwa anazimwaga, siyo?"

"Alikuwa anazinywa."

"Zote?"

"Zote. Alisema umetembea juani kuzitafuta."

"Na wewe umekaa, unamtazama?"

"Nilikuwa namtazama, mama."

Mama hakumtukana, ingawa fundi alikuwa amejiandaa. Alitia sahihi, akasimama, akavaa kandambili mbili zisizofanana.

"Na yeye lazima asaini?"

"Lazima."

"Basi twende."

"Mama, jua kali, na mimi nina haraka..."

"Nimesema twende, baba."

Mkewe alikuwa dobi katika nyumba ya wageni. Walimkuta nyuma, kwenye uwanja wa kuanikia, peke yake kwani mwenzake alikuwa likizo. Kapu la mashuka makavu lilimfika kiunoni. Mama alibaki penye kona, fundi akamsogelea mkewe na fomu. Alifuta mikono kwenye aproni, akaisoma karatasi, akaisoma tena.

"Kwa nini umeandika hivi?"

"Ndivyo ilivyo."

"Na mchapakazi umemkata?"

"Nimekata mstari mzima."

"Ungemwacha," alisema mkewe, sauti ikimkatika kati ya kicheko na kilio. "Hilo lilikuwa kweli." Akasaini juu ya goti lake. Ndipo alipoinua macho, akamwona mama mkwe kasimama penye kona, akashtuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Mama akamgeukia mwanawe. "Wewe unangoja nini? Saa tisa na nusu hii. Kimbia!"

Fundi akakimbia. Penye lango alisimama kidogo kubana fomu kwapani, akageuka.

Mama alikuwa ameinama kwenye kapu, ametoa shuka, ameshika pembe mbili. Mkwe naye, bila kuambiwa, alishika zile nyingine akarudi nyuma. Wakalivuta, wakalikung'uta, wakalikunja katikati. Kisha wakaanza kusogeleana, hatua kwa hatua, mpaka mikono ikakutana. Mkwe alinyoosha vidole kulipokea shuka. Mama hakuliachia, wala vidole hakuviachia.