Akaunti Mbili, Benki Moja

Katika chumba cha kufulia nguo cha hospitali, wenzake walimwita Bi Hesabu, na jina hilo lilimkaa kama gwanda la kazi. Mshahara wake aliugawa katika bahasha nne: nauli, chakula, sabuni na dawa. Bahasha ya nauli ikiisha kabla ya mwezi, alipiga mguu.

"Ungezaliwa mwanamume, ungekuwa waziri wa fedha," fundi wa mashine alimtania.

"Ningezaliwa mwanamume, ningeoa mtu wa kunihesabia."

Ubahili huo haukuwa tabia, ulikuwa toba. Miaka mitatu nyuma benki ilimpa kadi ya mkopo. Akaitumia kununua viatu vya shule, miwani, chakula cha zile siku za mwisho wa mwezi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa anasa. Alipokuja kushtuka, deni lilikuwa laki nane, na riba ilikuwa ikinenepa bila kulishwa.

Kisha binti yake wa pekee akapata nafasi ya kusomea ufamasia. Bi Hesabu akapanga mambo upya. Kwa miezi saba hakuilipia kadi hata senti. Kila alichojinyima alikipeleka katika akaunti ya akiba, kwa ajili ya ada. Deni lingesubiri, chuo kisingesubiri. Na kwa kuwa hakupenda kuzurura na fedha mjini, akaunti hiyo aliifungua katika benki ileile.

Siku ya mwisho ya kulipa ada, mama na binti walisimama mbele ya dirisha la karani.

"Mama, hapa pana elfu tatu tu," karani alisema.

"Tazama vizuri, mwanangu. Ni laki saba."

"Zilikuwapo. Juzi zimehamishwa kufidia deni la kadi."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Yako, mama. Ulitia sahihi siku ulipochukua kadi."

Aliikumbuka siku hiyo. Kurasa sita. Alikuwa amekagua kila tarakimu, moja baada ya nyingine, na maneno akayaruka.

"Jamani, wengine tumeacha kazi," mzee mmoja alilalamika kwenye foleni.

Karani akashusha sauti. "Kwa kuwa deni limepungua, kadi iliyokuwa imefungwa imefunguliwa tena. Ada inaweza kulipwa kwa kadi."

"Na riba?"

"Ileile." Akabonyeza kikokotoo, akakigeuza upande wao. "Ukilipa kiwango cha chini kila mwezi, ni miaka tisa."

"Mama, twende," binti alisema. "Nitaomba kazi kwenu."

"Kwetu wapi? Kwenye mashuka yenye damu?"

"Lakini hii ni ada ya mwaka mmoja tu. Wa pili tutatoa wapi?"

Bi Hesabu alifungua mkoba. Alitoa kadi, akaipitisha chini ya kioo, akabonyeza namba ya siri. Mashine ikatema risiti. Binti aliipokea kwa mikono miwili, kichwa chini, kama mtu anayepokea barua ya msiba.

Hawakuwa wamefika mlangoni simu ilipotetemeka. Bi Hesabu akausoma ujumbe mpaka mwisho, akaanza tena juu.

"Ni benki?" binti aliuliza. "Wanasemaje?"

"Wanatushukuru."