Namba Mbili ya Sajini Pellow

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe 24 Machi, siku ya uchaguzi wa bunge na serikali ya jimbo letu. Nami niliyaharibu kwa mikono yangu, pale kwenye geti la shule tunakopigia kura, nikigawa vikaratasi.

Vilikuwa vya Garth Pellow. Miaka ishirini na sita alikuwa sajini wa polisi hapa Wirrabin. Mke wangu Noeleen alipobanwa na kifua, serikali ilikuwa imeshafunga chumba cha dharura cha hospitali yetu, eti wagonjwa ni wachache. Pellow akamlaza kwenye gari la polisi, akalikimbiza kuelekea hospitali ya mjini, kilomita tisini. Noeleen alikata roho njiani. Pellow akavua kofia, akalia kuliko mimi.

Mwaka uliofuata akaacha kazi, akaingia chama kidogo ambacho hata jina lake sikuwa nimelisikia. "Nipelekeni bungeni," akasema, "chumba kile kitafunguliwa." Nani asingemwamini?

Basi saa mbili asubuhi niko getini. Kwetu unaandika moja kwa unayemtaka, mbili kwa anayefuata, hivyo hivyo mpaka wa mwisho. Wa kwanza akishindwa, kura yako inamwendea wa pili. Ndiyo maana mgombea anakupa kikaratasi cha kunakili. Na watu hunakili tu, macho yakiwa kwenye soseji zinazochomwa uani.

Mchana Dot Carmody, mwalimu mstaafu, akachukua kimoja, akavaa miwani.

"Merv, umekisoma hiki?"

"Nikisome cha nini, Dot? Moja ni Sajini. Basi."

"Na mbili?"

"Mbili ya nini tena? Nenda kapige kura, mama, soseji zinaungua."

"Mbili ni serikali, wewe mtu! Hao hao waliofunga!"

Nikatazama. Mkononi vilibaki vikaratasi vitatu. Nilikuwa nimeshagawa mia nne.

Pellow alipata kiti baraza la juu la bunge kwa namba mbili za wapiga kura wao. Wao wakarudi madarakani kwa namba mbili zetu kule baraza la chini, ambako wagombea wa chama chake, waliokuwa kwenye kikaratasi hicho hicho, walishindwa. Chumba cha dharura sasa ni ghala la viti vibovu.

Nilimkuta kwenye maonyesho ya kilimo, kavaa suti, anawapa watu nishani za kondoo bora.

"Merv, kaka yangu!"

"Mimi si kaka yako. Chumba kiko wapi?"

"Siasa ni kupeana, Merv. Ningebaki nje ningekusaidia nini?"

"Na humo ndani umenisaidia nini?"

Akacheka kidogo, akamgeukia mwenye kondoo.

Dot ananiambia mapatano ya vyama kupeana namba mbili hufungwa miezi mingi kabla. Nimemwandikia Pellow barua tatu, herufi zangu mbaya hizi, na swali ni lile lile: siku ile ulipokaa jikoni kwa Noeleen, ukanywa chai kwa kikombe chake, ukaniomba nikusimamie getini, ile namba mbili ilikuwa imeshaandikwa?