Mchuzi Usio na Bakteria

Tangu asubuhi fundi wa maabara hakukaa kitini hata dakika tano. Alinawa mikono isiyo michafu, akapanga vichupa vilivyokwisha kupangwa, akarudi kwenye skrini. Kilele kilikuwa palepale.

Miezi minne alikuwa akipima homoni ya kukuza mizizi inayotengenezwa na bakteria wa udongoni. Mashine ilitambua molekuli kwa uzito wake na kuchora vilele. Homoni ikizidi, kilele kinapanda. Bakteria mmoja aliwaacha wenzake mbali, naye fundi na profesa wake wakambatiza Bingwa. Makala yalishapelekwa jaridani. Mjomba wake mkulima naye alipewa chupa ajaribie kwenye mbegu zake.

Leo, kwa kuwa mashine ilibaki na nafasi moja, alipima mchuzi mtupu wa kukuzia bakteria. Homoni tele!

Simu ikaita.

"Mwanangu, Bingwa hajambo?" Alikuwa mjomba. "Nimeshapanda. Majirani roho zinawauma!"

"Nitakupigia, mjomba." Akakata simu.

Alifika mlangoni kwa profesa, akageuka. Akaenda chooni. Akarudi, safari hii akabisha hodi kabla hajageuka tena.

"Mchuzi si tuliupima?" profesa aliuliza alipokwisha kuelezwa.

"Wa kopo la kwanza la hamira, ile tunayoutengenezea mchuzi. Bingwa tulimkuza kwa kopo jipya. Nilisema hakuna haja ya kulipima. Kosa ni langu."

Profesa alivua miwani, akaiweka mezani.

"Rudia. Bakteria wote, kwa kopo moja."

Siku tatu alihangaika kama kuku anayetaka kutaga. Majibu yalipotoka, Bingwa alikuwa wa nne. Homoni alitengeneza, ila kidogo tu. Nyingine ilikuwa ya hamira.

Akampigia mjomba, akamweleza bila kupindisha.

"Kumbe mbegu zangu nimezipaka supu!" Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Kisha akatulia. "Zitaota?"

"Zitaota, mjomba. Kama za kila mwaka."

"Basi usilie. Ungenificha ndiyo ningekasirika."

Barua ya kuyaondoa makala jaridani aliiandika mwenyewe, akimwaga kila kitu: kopo, tarehe, uzembe wake. Profesa aliisoma amesimama, kalamu mkononi. Kila palipoandikwa "mimi" alifuta, akaandika "sisi". Akatia sahihi, akamrudishia.

"Ipeleke leo hii," akasema, "kisha ukalale. Unatisha kukutazama."