Hatua Elfu Kumi na Nne Nikiwa Nimekaa

Ofisa usalama alinikuta asubuhi chini ya kreni, kabla sijapanda. Mkono mmoja alishika karatasi, mwingine mizani ya kupimia watu. Akaniambia nisimame juu yake. Nikadhani ni yale mambo ya afya ambayo huja na kuondoka, nikasimama. Mshale ukazunguka kama umefukuzwa, ukatua kwenye mia moja na kumi na saba.

"Mzee wangu," alisema, "tumeleta mkanda mpya wa ngazini. Umepimwa kubeba kilo mia na kumi. Hapo ni pamoja na buti, ovaroli, na kila ulichovaa."

"Basi mmenunua mkanda mbovu."

"Mkanda hauna shida."

"Mwanangu, mimi naendesha kreni tangu wewe hujaota meno."

"Ndiyo maana nataka uendelee kuendesha bila kuanguka. Mkanda wa zamani muda wake unakwisha baada ya miezi mitatu. Siku hiyo nitakupima saa mbili asubuhi. Ukizidi mia na kumi, unahamia getini."

Getini ni kibanda cha mabati. Mtu anakaa humo anaandika namba za malori na kuinua chuma kinachofunga barabara. Si kazi mbaya. Lakini mimi nimekaa juu miaka kumi na tisa, mahali ambapo hakuna bosi anayeweza kunijia ghafla. Akitaka kunifokea lazima apande vidato mia mbili na nane, na akifika hana pumzi ya kufoka.

Halafu kulikuwa na suala la nani angekalia kiti changu. Mtu mwingine mwenye leseni pale kazini alikuwa mmoja tu, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu. Yeye ndiye mfunga mizigo wangu. Anafunga nondo na ndoo za zege kule chini, ananielekeza kwa redio, mimi nanyanyua. Kreni nilimfundisha mwenyewe. Ni mwembamba kama nondo anazozifunga, na anakula kunizidi.

Siku ileile, sijamaliza hata kuwasha mashine, redio ikalia.

"Shemeji, samahani. Hicho kiti kinasogea mbele?"

"Kwa nini unauliza?"

"Miguu yangu mifupi kidogo. Nauliza tu."

Nikazima redio.

Niseme wazi jinsi nilivyonenepa, maana sikunenepa kwa ugonjwa. Dereva wa kreni anapanda asubuhi na kushuka jioni. Katikati ni saa kumi za kukaa. Zege likishachanganywa halisubiri mtu ashuke akale, kwa hiyo chakula hupandishwa kwa kamba na ndoo. Saa nne chai na mkate na mayai. Saa saba wali, nyama, maharage. Saa tisa chai tena, na viazi vya kukaanga, kwa sababu mama wa chakula ananipenda. Mimi navuta kamba tu. Mambo ya chupa ya haja ndogo sitayaeleza. Kidogo kidogo ovaroli ikaanza kukataa kufunga, nikawa nalaumu wanaofua.

Nyumbani mke wangu alicheka mpaka akakaa chini.

"Yaani ngazi imekukataa? Mimi kitanda kimelalamika miaka mitano hukusikia."

"Ndugu yako ndiye atachukua kiti changu."

Hapo akaacha kucheka. Anampenda mdogo wake, lakini anajua akipata cheo atakuja kula kwetu kila Jumapili ili tumpongeze.

Binti yetu ndiye aliyeleta dawa. Akaniwekea kwenye simu kitu cha kuhesabu hatua.

"Baba, weka mfukoni, usiitoe. Watu wanalenga hatua elfu kumi kwa siku. Yenyewe itakuambia umefikia wapi na umeunguza chakula kiasi gani."

"Hata kama nafanya kazi?"

"Hasa ukiwa kazini."

Siku ya kwanza niliiweka mfuko wa kifuani, nikapanda, nikafanya kazi zangu. Jioni nikaitazama. Hatua elfu kumi na moja mia mbili. Chini yake maneno ya kunipongeza, na picha ya mtu mwembamba amenyoosha mikono juu.

Sikuamini. Nikajiambia labda kila kidato cha ngazi inakihesabu mara nyingi, kwa sababu kupanda ni kugumu kuliko kutembea. Ilionekana ni haki. Kesho yake kulikuwa na upepo, na tulinyanyua nondo kutwa nzima. Hatua elfu kumi na nne! Simu ikaniambia nimeunguza chakula cha mchana chote na sehemu ya cha jioni.

Sasa mimi ni mtu wa hesabu ndogo. Kama nimeunguza chakula chote cha mchana, maana yake sijala. Nikaita chini kwa redio.

"Shemeji, mwambie mama aongeze sahani."

"Shemeji, si tulisema tunapungua?"

"Fanya ulivyoambiwa."

"Ninafanya, shemeji. Kwa moyo wote."

Na kweli aliifunga ile ndoo ya chakula vizuri siku hiyo. Mwezi mzima aliifunga vizuri. Mimi nilikula sahani mbili, jioni nawaonyesha watu simu. Hata ofisa usalama nilimwonyesha. Akatikisa kichwa, akasema hongera mzee, yeye mwenyewe hafiki elfu sita. Nikamwambia ajitahidi, ni suala la nia tu. Kitu kimoja kilinishangaza. Jumapili nilitembea kwa mguu mpaka sokoni na kurudi na gunia dogo la viazi, na simu ikanipa hatua elfu tatu tu. Nikaona pengine Jumapili haifanyi kazi sana.

Mwezi ulipokwisha, mke wangu aliazima mizani kwa jirani. Nikapanda mbele ya familia, kifua mbele. Mia moja na kumi na tisa.

"Jirani amekuazima mizani mbovu," nikasema.

Binti akapanda yeye, akashuka. "Ni nzima, Baba. Lete simu."

Akaibonyeza akaniangalia, akaibonyeza tena.

"Jana saa tano asubuhi ulikuwa wapi?"

"Wapi tena? Kitini."

"Na saa sita?"

"Kitini."

"Hapa inasema kati ya saa tano na saa sita na nusu ulitembea kilomita saba. Baba, kile kibanda chako kinatikisika?"

Kibanda cha kreni kinatikisika, ndiyo. Ukisimamisha mzigo kinanesa. Upepo ukivuma kinanesa. Ukizoea huhisi tena, lakini simu ilikuwa haijazoea. Ilikuwa imelala kifuani kwangu inahesabu kila mneso ni hatua. Aliyetembea mwezi mzima ni kreni.

Mke wangu alitoka nje. Nikamsikia akimpigia dada yake simu, na baada ya neno "kreni" sikusikia tena maneno, nilisikia kelele za kicheko tu.

Ikabaki miezi miwili na kilo tisa. Usiku ule sikutaka kuzungumza na mtu. Nilijiona getini, na kalamu, shemeji ananipungia mkono kutoka juu. Asubuhi nikamwambia mama wa chakula asinipandishie chochote. Nitashuka mwenyewe kula, kama binadamu wengine.

Mapumziko ya mchana ni nusu saa. Saa saba juu ya alama nikaanza kushuka. Nilitumia dakika kumi na mbili. Nikafika chini, nikakaa kwenye tofali, mama akanipa sahani. Nilikuwa nimeweka kijiko cha pili mdomoni msimamizi alipopiga filimbi.

"Lori la zege lipo barabarani. Nani yuko juu?"

Hakuna aliyekuwa juu. Kupanda kunanichukua dakika ishirini hata nisipopumzika. Niliacha sahani, nikapanda.

Kesho yake ikawa hivyohivyo. Kila siku nilishuka kwenda kula, na kila siku muda ulitosha vijiko vitatu, vinne. Ndipo nikaelewa kwamba nimepata nilichokuwa natafuta. Hakuna mpango wowote wa kupunguza mwili utakaokushinda nguvu kama lori la zege. Halina huruma na halikubali visingizio.

Mke wangu akaniwekea mayai mawili ya kuchemsha, matango na maji, nile huko juu polepole. Saa nne nashuka kwa ajili ya choo, napanda. Saa saba nashuka, napanda. Wiki ya kwanza nilikuwa siwezi kukaa nyumbani bila kushikilia meza. Wiki ya tatu nilishuka kwa dakika tisa. Wiki ya tano nilipanda kwa kumi na tano, na suruali nikaifunga kwa kamba.

Shemeji alianza kupoteza furaha. Kila nikifika chini alikuwepo, na sahani.

"Shemeji, onja basi. Nyama ya leo laini."

"Kula wewe."

"Dada amesema unajiumiza."

"Dada yako ndiye anayenichemshia mayai."

"Mimi nakuhurumia tu. Umri huu mtu anahitaji kukaa. Getini kuna kiti kizuri, kina mto."

"Basi nenda wewe."

Siku ikafika. Saa mbili kamili ofisa usalama aliweka mizani juu ya ubao ulionyooka. Watu walikuwa wamezunguka kama kwenye mpira. Nikasimama juu na buti, na ovaroli, na helmeti.

"Mia na kumi na nukta sita," akasoma.

Shemeji alikohoa.

"Nivue buti," nikasema.

"Buti ni sehemu ya kazi, mzee."

"Gramu mia sita! Hicho ni kifungua kinywa."

"Ulikula?"

"Sijala tangu jana mchana!"

Nilimwona anaumia. Akatazama saa yake. "Karatasi yangu naipeleka ofisini saa tatu na nusu. Mpaka hapo bado naandika."

Sikuuliza maana yake. Nikafunga mkanda, nikashika ngazi. Nikapanda mpaka juu, nikagusa mlango wa kibanda, nikashuka. Watu walikuwa wanahesabu vidato kwa sauti. Nikageuka, nikapanda tena. Mara ya pili kwenye kidato cha mia na hamsini sikuwa naona vizuri, jasho lilikuwa linaingia machoni na linatoka kwenye kola, mgongoni, kwenye buti. Nikashuka nikiwa nimelowa kama niliyevuliwa mtoni. Ilikuwa saa tatu na dakika kumi.

Nikapanda mizani. Mia na kumi na nukta sita.

"Haiwezekani!" nikapiga kelele. "Nimemwaga ndoo nzima ya jasho!"

"Umemwagia wapi?" shemeji akauliza polepole. "Jasho lote limo kwenye ovaroli, shemeji. Bado umelivaa."

Ilikuwa kweli. Nilitamani kumtia kofi kwa sababu ilikuwa kweli. Ofisa akasema hakuna sheria inayomkataza mtu kubadili ovaroli, mradi awe amevaa ovaroli ya kazi. Sikuwa na nyingine. Stoo zilikuwepo za vijana tu, nikiingiza mguu mmoja zimejaa. Nikawatazama watu wote mmoja mmoja, na aliyevaa ovaroli kubwa inayompwaya alikuwa mmoja. Alikuwa ameshaanza kuangalia mawingu.

"Shemeji," nikasema.

"Hapana."

"Nakuomba."

"Unaniomba nivue nguo nikupe, ili ukapate kiti nilichokisubiri miezi mitatu?"

"Ndiyo. Hivyo hasa."

Alinitazama toka juu mpaka chini. Maji yalikuwa yananidondoka puani. Sijui aliona nini.

"Ulinifundisha kreni na hukunidai hata soda," akasema. Akafungua zipu. "Lakini haitakuingia. Najua mwili wako."

Akabaki na fulana ya ndani na kaptula ya maua. Nikageukia ukuta, nikabadili. Mguu wa kwanza ukaingia. Wa pili ukaingia. Nikavuta pumzi, nikapandisha zipu, ikapanda mpaka shingoni. Mama wa chakula alipiga kigelegele, sufuria mkononi. Mimi mwenyewe nilitaka kulia, lakini sikuwa na maji ya kulilia.

"Mia moja na tisa na nukta nane," ofisa akasoma, na akaandika haraka kabla sijapumua. "Kiti ni chako, mzee wangu. Nitakupima tena mwakani."

Msimamizi akapiga filimbi. Lori la zege lilikuwa linaingia getini.

"Haya, juu! Haraka!"

Nikashika ngazi. Nikaweka mguu kwenye kidato cha kwanza na kuuambia unyanyuke. Haukunyanyuka. Nikajaribu wa pili. Nao ukakataa. Nikateleza taratibu mpaka nikakaa chini, mgongo kwenye chuma cha kreni, na sikuweza hata kuondoka njiani. Ilibidi wanivute kwa makwapa.

"Shemeji," nikasema, "panda wewe leo."

"Na kaptula?"

"Huko juu nani atakuona?"

Alifunga mkanda juu ya fulana, akapanda. Akafika kwa dakika nane, mwembamba yule. Mama akaniletea sahani, nikapewa redio, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa nikanyanyua uso kuitazama kreni yangu kutoka chini. Zege likapaa. Ndoo ikayumba kidogo kwenye ghorofa ya tano.

"Rudi kushoto kidogo," nikamwambia. "Na usikiguse kiti changu. Kiache hapohapo kilipo."

"Nimeshakisogeza mbele," akajibu.