Jiwe la Babu Lisinyooshwe

Mjomba wangu ni mwenyekiti wa kila kitu mtaani, na kisichokuwa na mwenyekiti hukiundia kamati. Ndivyo makaburi yetu ya zamani yalivyopata Kamati ya Uhifadhi. Mawe yalikuwa yameota ukungu na kuinama huku na huku kama wazee wanaosinzia kikaoni, na majina hayasomeki. Mjomba alisema ni aibu, historia ya mtaa inapotea. Alisema kweli, ila kumwachia yeye kazi hiyo kulikuwa kumkabidhi fisi bucha.

Siku ya usafi, fundi mwashi alishauri tuchukue jiwe moja moja. Mjomba akasema huko ni kupoteza muda. Basi tulifyeka nyasi zote, tukang'oa mawe yote, tukayasugua kwa brashi na sabuni, tukayaegemeza ukutani yakauke kama sahani. Yaling'aa. Tulikuwa bado tunapongezana fundi alipouliza kwa upole, "Sasa hili la kwanza linarudi wapi?"

Tukageuka. Uwanja wote ulikuwa tambarare, hauna hata tuta.

Wakati huohuo akaingia Bibi, mama yake Mjomba, na kigoda chake mkononi. Kila wiki huja kukaa kando ya Babu na kumgombeza.

"Baba yako yuko wapi?" aliuliza.

"Ukutani, Mama. Yaani jiwe lake. Mwenyewe yuko..." Mjomba akazungusha mkono kuonyesha uwanja mzima. "Eneo hili."

Bibi alimtazama mpaka mkono ukashuka wenyewe. "Nafasi iliyo kando yake ni yangu, unajua. Sikuvumilia ndoa miaka yote ile ili mwishowe nikalale na mwanamume nisiyemjua."

Sikucheka. Alikuwa bado ameshika kigoda, hajui akiweke wapi, na nilitamani kumng'oa Mjomba naye nimwegemeze ukutani.

Majirani walipopata habari walifika upesi, maana ubaya hauhitaji mbiu. Mshona viatu ndiye aliyetuokoa. Alisema mwalimu hawezi kuwa karibu na mwenye duka, walinuniana hadi kufa, kwa hiyo mmoja yuko huku na mwingine kule pembeni kabisa. Mama lishe akakumbuka kwamba mkunga alizikwa karibu na geti kwa sababu alipenda kujua nani anaingia. Seremala naye aliwekwa mbali na shemeji yake aliyeazima baiskeli akairudisha haina gurudumu. Jiwe baada ya jiwe, historia yote ya mtaa ikarudi mahali pake kwa umbea mtupu, na Mjomba akatangaza kwamba huo ndio uliokuwa mpango wa kamati.

Likabaki jiwe la Babu. Tatizo ni kwamba Babu hakuwahi kugombana na mtu yeyote isipokuwa mkewe.

Bibi alichukua kigoda, akakiweka hapa, akakaa, akafungua mdomo, akatikisa kichwa, akainuka. Akajaribu pale. Kikayumba. Tulimfuata nyuma, kamati nzima. Kisha akakiweka mahali fulani, na miguu ya kigoda ikazama yenyewe kwenye vishimo ilivyochimba kwa miaka, ikatulia tuli.

"Na lile bati ulilosema utaligongomelea kesho," Bibi alianza, "mpaka leo linavuja." Akajifuta machozi kwa upande wa khanga, akaendelea kugomba.

Fundi alilileta jiwe, akalisimamisha, akaweka pima maji juu yake. Lilinyooka kabisa. Mjomba akapiga makofi peke yake.

"Mbona umemnyoosha?" Bibi aliuliza. "Alikuwa ameinamia huku."

"Mama, kamati iliazimia mawe yote yanyooke."

"Basi kamati ikaolewe naye. Huyu sikio lake moja halikuwa likisikia. Mwinamishe."

Fundi alimtazama mwenyekiti, akamtazama Bibi, akatia pima maji mfukoni. Alilisukuma jiwe polepole kuelekea ile nafasi tupu iliyo kando, na Bibi akawa anaelekeza kwa kidole, bado kidogo, bado, mpaka aliporidhika.

"Hapo basi," alisema. "Nikija kulala hapa, asije akasema hakusikia."