Lokesheni ya Kang'ethe

Ungemwona Jepleting asubuhi hiyo, amechuchumaa kando ya pikipiki yake mbele ya duka la Tanveer mjini Nakuru, ungedhani ni yeye anayefanyiwa upasuaji. Kila Tanveer alipokata waya, yeye alifumba jicho moja.

"Daktari, wewe unatia mkono mzima ndani ya ng'ombe," Tanveer alisema bila kuinua kichwa, "halafu unaogopa waya mwembamba hivi?"

"Ng'ombe namjua. Hiyo chaja ya simu sijui itaniunguza saa ngapi. Si ungeifunga tu kwa betri tumalize?"

"Nifunge kwa betri, ikae ikinyonya moto hata ukilala, halafu asubuhi nikuone unasukuma pikipiki kutoka Kiamunyi ukinitaja jina? Hapana. Natoa moto kwa waya wa swichi. Ukizima pikipiki, na yenyewe inalala. Na hapa katikati kuna fyuzi. Kukiwa na shida, inaungua yenyewe, si simu."

Tusimcheke sana daktari. Wiki iliyopita simu yake, iliyokuwa mfukoni huku ramani ikiitafuna chaji, ilizima kwenye njia panda ng'ambo ya Molo. Akabahatisha kulia. Kulia kukampeleka kwenye shamba la viazi. Alipofika hatimaye kwa mama mmoja aitwaye Wangu, ng'ombe alikuwa ameshakufa na kufunikwa magunia. Wangu hakumtukana. Alisema tu, "Asante kwa kuja, daktari," akamkaribisha chai. Afadhali angemtukana. Chai ile ilikuwa bado imemkaa kooni.

Tanveer alikuwa akikaza skrubu ya mwisho ya kishikio cha simu kwenye usukani simu ilipolia.

"Daktari? Ni Kang'ethe wa huku juu ya Sachangwan. Mtamba wangu anazaa tangu alfajiri. Miguu miwili imetoka, kichwa sikioni. Majirani wanasema tuvute na kamba."

"Msivute! Kang'ethe, umenisikia? Asiguswe na mtu. Nitumie lokesheni sasa hivi."

Lokesheni ikaingia. Simu ilikuwa na chaji asilimia kumi na moja. Jepleting akaibana kwenye kishikio, akachomeka waya, akawasha pikipiki. Taa ndogo ya kijani kwenye chaja ikawaka.

"Usipofika, usirudi hapa kunilaumu," Tanveer akasema, lakini alikuwa ameshamfungulia njia kati ya magari.

Alipofika Salgaa chaji ilikuwa thelathini na nne. Jepleting aliichungulia kama mtu anayechungulia sufuria ya maziwa. Alipoacha lami na kushika barabara ya udongo, pikipiki iliruka, meno yakagongana, simu haikutikisika. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye nyua za mashamba, hakuna mtu wa kuuliza, lakini ule mstari wa buluu uliendelea kumwonyesha: kushoto, kulia, panda.

Akapanda. Simu ikamwambia amefika.

Amefika wapi? Mbele yake kulikuwa na jiwe kubwa, nyasi, na karatasi za vocha zilizokwanguliwa. Nyumba hakuna. Ng'ombe hakuna. Akapiga simu ya Kang'ethe. Haipatikani. Akapiga tena. Haipatikani.

Akasimama akiziangalia zile vocha mpaka akili ikamjia. Huyu mtu kwake hakuna netiwaki! Alikuwa amepanda hadi kwenye jiwe la kupigia simu, akatuma lokesheni ya jiwe, kisha akarudi bondeni kwa ng'ombe wake. Mabonde yalikuwa mawili, vijia vilikuwa vitatu, na ukungu ulikuwa umeyafunika yote. Njia panda nyingine. Mkono wake ulitaka kubahatisha kulia.

Akauzuia. Akazima injini ili asikie vizuri, akarudisha ufunguo ili moto ufike kwenye honi, akaibonyeza. Betri ilikuwa na nguvu zake zote. Honi ikalia hadi ndege wakaruka. Akasikiliza. Kimya. Akabonyeza tena, ndefu zaidi.

"Huku!" Sauti ya mwanamke ikatoka chini, mkono wa kushoto. "Daktari, huku chini! Endelea kupiga!"

Akateremka akipiga honi kama gari la arusi.

Mwenye sauti alikuwa Wachuka, mke wa Kang'ethe, amesimama langoni, miguuni gambuti za mumewe. Bandani Kang'ethe alikuwa amekumbatia shingo ya mtamba. Jepleting akanawa, akaingiza mkono, akakikuta kichwa kimegeukia ubavuni. Akamsukuma ndama nyuma taratibu, akasubiri uchungu upite, akakamata taya, akageuza. Kichwa kikaja.

"Sasa njoo uvute, Kang'ethe. Pamoja naye. Akipumzika, pumzika."

Ndama akateleza hadi kwenye majani, ulimi nje, hapumui. Jepleting akamsafisha pua, akamsugua kwa gunia, akamchokoa puani na unyasi. Akamsugua tena. Ndama akapiga chafya, akamrushia ute wote usoni.

Wachuka akakaa chini palepale kwenye samadi akacheka hadi machozi. "Wa kike! Huyu ataitwa Honi."

"Kang'ethe," Jepleting akasema, akijipangusa, "ulinitumia lokesheni ya jiwe."

"Daktari, kwani jiwe si letu?"

Chai ilipoletwa aliinywa yote, akaongezwa kikombe cha pili. Kisha akaleta pikipiki hadi mlango wa banda, akafungua ramani, ambayo hata bila netiwaki ilijua aliposimama, akahifadhi mahali pale: Kang'ethe, bandani.

Kwenye jiwe alisimama kidogo, akamtumia Tanveer picha ya ndama. Chaji ilikuwa sabini na tisa. Jibu likaja kabla hajavaa helmeti.

"Mrembo. Kichwa kigumu kama cha daktari wake?"

"Zaidi," akaandika, akawasha pikipiki.