Chokaa Juu ya Rangi ya Mafuta

Jumanne, tarehe kumi na nne Aprili. Mvua iliyoanza alfajiri ilikuwa imekatika, na jua la asubuhi liliupiga ukuta wa zahanati bila huruma. Chokaa ilikuwa imeteremka yote, mtaro umekuwa mweupe kama uji mwepesi. Ukutani wale wanawake waliochorwa walikuwa wamerudi: wamepanga foleni mbele ya dirisha la dawa lililofungwa, mmoja amebeba mtoto aliyelegea.

Fundi Mabango alisimama na ndoo yake. Picha ilikuwa ya Msanii. Walifunzwa na mwalimu mmoja, wakala sahani moja. Lakini mtaa ulimwita mmoja Msanii, mwingine ukamwita Fundi. Jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Hivyo jana Bwana Afisa wa manispaa aliposema, "Ifute, la sivyo kibanda chako kinabomolewa," hakuomba hata siku ya kufikiri. Aliivamia jioni ile ile, tena kwa furaha. Hakukwangua, hakupiga msasa. Kwa pupa alipaka chokaa juu ya rangi ya mafuta, isiyoshika chokaa, kosa ambalo hata mwanagenzi halifanyi.

"Mmemwona mwanamume?" muuza mkaa alipaza sauti. "Kawachezea shere wakubwa! Chokaa juu ya mafuta!"

Watu wakacheka, wakampigia makofi. Msanii alipenya katikati yao, akamkumbatia.

"Ndugu yangu, na mimi nilivyokuwa nakusema vibaya! Nisamehe."

Fundi akainamisha kichwa. Ee Mungu, nipe ulimi niseme kweli. Ulimi haukuja.

Gari la Afisa likasimama. Akashuka, akakwepa dimbwi jeupe.

"Nani kakufundisha ujanja huu?"

"Si ujanja, mheshimiwa."

"Basi waambie hawa mashabiki wako. Utafanya nini, na lini?"

Fundi alitazama ng'ambo ya barabara. Mkewe alikuwa mlangoni mwa kibanda, amekumbatia makopo ya rangi, binti yao nyuma yake. Mkono wa Msanii ulikuwa bado begani mwa Fundi, wenye joto.

"Nitaikwangua," alinong'ona.

"Hatusikii!"

"Naahidi mbele yenu nyote," Fundi alisema, safari hii kwa sauti, "leo hii nitaikwangua mpaka tofali lionekane."